Tarumbeta Iliyopasukia Mikononi Mwangu

Mwanangu, siku hiyo naikumbuka hadi leo, na nikiikumbuka hutazama chini hata nikiwa peke yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja barua ya kazi, nikakaa Kipini kwa mjomba wangu, Fundi Shee, aliyekuwa akiunda tarumbeta. Alikuwa akikata bamba la shaba, analikunja juu ya mti uliochongwa, anauchomea mshono wake, kisha anaugonga mdomo taratibu mpaka unafunguka kama ua. Wakati huo alikuwa na tarumbeta ya kundi la ngoma la Garsen, nao walikuwa na harusi keshokutwa.

Adhuhuri akaenda kuswali. "Endelea kugonga," aliniambia. "Ukisikia inalia kwa ukali, imekakamaa. Itie motoni iwe nyekundu, uizamishe majini. Italainika."

Basi nikaanza kuwaza. Shuleni nilisoma kwamba chuma cha moto kikizamishwa majini huwa kigumu. Je, mjomba amekosea? Na nikimuuliza, si ataona nimesoma bure? Mficha uchi hazai, mwanangu, nami niliuficha wangu. Niliigonga ikiwa baridi. Ikalia, nikaigonga tena. Mdomo ukapasuka hadi kooni.

Mjomba alirudi akiwa na kiongozi wa lile kundi.

"Uliitia moto?" akaniuliza.

"Naam, mjomba."

Mgeni akacheka. "Shee, mkono umezeeka! Sasa kagonge masufuria."

Mjomba akaugonga ukingo kwa nyundo, mara moja tu. Ukalia kwa ukali. Akanitazama, akajua. Hata hivyo akamwambia mgeni, "Kazi yangu, lawama yangu."

Tulipobaki wawili nilimweleza nilichosoma shuleni, naye akasema polepole, "Kitabu chako kilisema chuma. Hii ni shaba. Kosa hilo ningelicheka. Lakini umeniacha nikatukanwa, na ulimi unao."

Kundi lile halikurudi tena. Kila siku nilisema nitakwenda Garsen kumweleza yule kiongozi, na kila siku nilikuwa bado napanga maneno. Ngojangoja huumiza matumbo. Mjomba alikufa nikiwa bado nayapanga, na huko Garsen wakabaki wakisema Shee alishindwa na shaba.

Kwa hiyo, mwanangu, usilolijua liulize. Na ukiharibu, sema mwenyewe, siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliosikia, hata kama maneno hayajanyooka. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na wale utakaowakosea akuwekee hai mpaka uwafikie.