Sauti ya Adelina Ukumbini

Adelina ameajiriwa kiwandani Chang'ombe, lakini ulizia mtaani kazi yake, watakwambia anatengeneza miksi. Jumamosi akishamaliza kufua huweka kompyuta yake kuukuu kitandani, akaunganisha dansi na kwaya na singeli hata usijue wimbo gani umeishia wapi, kisha akawarushia watu kwenye simu. Hadai kitu. Anachotaka ni jina tu. Na kwa kuwa kuna wajanja wanaochukua miksi zake na kujisifu ni zao, kila baada ya muda hupachika humo sauti yake mwenyewe, yenye mwangwi wa kutosha: "Adeliiina!"

Basi binamu yake Clara akamwomba miksi ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kwao, ya ule wakati wa bibi harusi kumtafuta mchumba wake aliyejificha ukumbini. Rosalia, mama yake Adelina, hakutaka hata kusikia.

"Ukumbi una DJ wake. Ukituaibisha mbele ya wakwe, usiniite mama."

Clara akang'ang'ania. Adelina naye alimpenda kama dada wa tumbo moja, akahangaika na miksi ile wiki nzima ili siku ya mwenzake ifane. Alipoihamishia kwenye flashi, alikuwa ameshapachika sauti yake kwa mazoea, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Hilo hakulikumbuka kabisa.

Siku ikafika, Clara akaanza kutafuta. Akacheza meza hii, akacheza meza ile, vigelegele vikipaa. Alipofika mbele ya wakwe tu, spika zikanguruma: "Adeliiina!"

Shangazi wa bwana harusi akaacha kupiga makofi. "Adelina ndiye nani?"

"Adeliiina!" zikajibu spika.

Minong'ono ikaanza. Mara Valerian, bwana harusi mwenyewe, akachomoka nyuma ya meza ya keki, jasho likimtoka. "Mie simjui! Jamani, naapa simjui!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Clara akamdaka shingoni, machozi ya kucheka yakimharibia vipodozi.

Adelina hakucheka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, maana Clara alishamnyooshea kidole, na shangazi yule alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye meza aliyokaa na mama yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiye wewe unayejiita kwenye spika?"

"Ndiyo mie. Naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Huyu mtoto wetu anajua kujificha, bila wewe tungemtafuta mpaka pilau lipoe. Miksi tamu hiyo! Nirushie na mie."

Adelina akatoa simu. Kabla hajabonyeza kitu, mama yake akamshika kiganja.

"Subiri kwanza," alisema Rosalia, akifungua mkoba wake haraka kutafuta simu. "Mie niliyekuzaa hujanirushiaga hata moja."