Jina la Marehemu kwenye Machungwa ya Mama Mkubwa

Mpaka leo hasira yangu haijapoa, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inauhusu mstari mmoja nilioandika kwa vidole vyangu mwenyewe.

Nilikuwa nimepata kazi ya miezi michache katika ofisi ndogo ya Korogwe, juu ya duka la vitambaa, kutengeneza tovuti ya wakulima wa machungwa wa Handeni. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa bado kwenye madaftari, na madaftari hayalishi mtu. Kila shamba tulilihifadhi kwenye kompyuta kama kifurushi kimoja, wenyewe tunakiita objekti. Ndani yake mna jina la anayelima, simu yake, idadi ya miti, mkuu wa kaya, vyote pamoja. Kisha kuna kiolezo, yaani ukurasa wenye mapengo, na kwenye kila pengo unaandika swali. Ukiandika shamba.miti, kifurushi kinajibu miti. Usichokiuliza hakisemi, hata kama kinakijua.

Kwenye pengo la jina niliandika shamba.mkuu_wa_kaya.jina. Kwenye pengo la simu, vivyo hivyo. Niliambiwa fomu zote huanza na mkuu wa kaya, nami nikaandika bila kufikiri, mimi niliyelelewa na wanawake.

Msimu ukafika. Asubuhi moja akanipigia mama mkubwa, dada wa mama yangu, anayelima Kwedizinga.

"Mwanangu, kwenye huo mtandao wenu mmeniweka au mmeniruka?"

"Upo, mama mkubwa."

"Basi mbona malori yanakwenda kwa jirani, kwangu yanapita kama pana msiba? Machungwa yanaanguka."

Nikaufungua ukurasa wake. Miti yake ilikuwepo pichani, imeinama kwa uzito. Chini yake pameandikwa jina la mume wake, aliyezikwa miaka mingi iliyopita lakini kwenye fomu bado ni mkuu wa kaya. Nikaipiga namba iliyoandikwa hapo. Haipatikani. Wanunuzi walikuwa wakimpigia marehemu, wanakata, wanampigia jirani.

Na ile ardhi haikuwa hata ya mume. Bibi yangu aliilima, akamwachia binti yake, kama Wazigua wengi wa zamani walivyoachiana. Mume aliikuta. Jina la mama mkubwa lilikuwemo ndani ya kifurushi kilekile, limeandikwa vizuri, pamoja na simu anayoifunga kwenye ncha ya kanga. Hakuna aliyeliuliza.

Nikamwendea mkuu wa ofisi.

"Kaka, nabadilisha kiolezo. Kionyeshe anayelima."

"Wanunuzi wamezoea kuongea na wanaume. Usituharibie."

"Huyu mwanamume yuko kaburini."

"Basi aandikishe mkuu mwingine. Hana mtoto wa kiume?"

Mwanamke amepalilia, amepogoa, amebeba maji kichwani mwaka wa ukame, na bado atafutiwe mvulana wa kumsimamia jina!

"Hapa hatuandiki riwaya, mwandishi," akaongeza, na wenzetu wakacheka.

"Riwaya ingekuwa na ukweli zaidi," nikamjibu. "Wewe umeweka maiti anauza machungwa."

Mkuu akageukia dirisha. "Fanya. Wakilalamika, utawajibu wewe."

Nikafuta, nikaandika shamba.mlimaji.jina, na simu hivyo hivyo. Kiolezo ni kimoja kwa mashamba yote, kwa hiyo palipokuwa na mabwana tupu wakaanza kutokea wanawake, shamba baada ya shamba, kama watu wanaotoka mvunguni. Sikufurahi. Niliwaza walikuwa wamekaa humo kwa muda gani kwa sababu yangu.

Jumamosi nikaenda Kwedizinga. Harufu ya machungwa yaliyochacha ilinipokea kabla ya mama mkubwa mwenyewe.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Angalia unapokanyaga, hayo yote yalikuwa ya kupanda lori."

Nikamweleza kila kitu, pamoja na mstari wangu. Alinisikiliza huku anatenga mazima na mabovu.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemfufua mume wangu," akasema. "Ungefufua mwenye jembe basi. Yule hata akiwa hai hakufika huku shambani."

Nikainama kumsaidia kutenga. Hapo simu ikaita kwenye kanga. Akaifungua, akaweka sauti ya nje. Kijana mmoja akasema:

"Shikamoo mama. Nimeona machungwa yenu mtandaoni. Naomba niongee na mzee."

Jina la mama mkubwa lilikuwa mbele ya macho ya mtu yule, na bado anaomba mzee! Nikanyoosha mkono niichukue simu. Mama mkubwa akaupiga kofi.

"Mzee yuko makaburini, na huko simu haishiki. Machungwa yako kwangu. Unataka kuongea na nani?"

Kijana akakohoa.

"Na wewe, mama."

"Haya. Njoo leo, usingoje kesho. Nusu yameshaanguka, na haya yaliyobaki hayajui kusubiri."