Tenki Halikatiwi Utepe

Ndugu wasomaji, nimekosa mimi. Msitafute mchawi, wala msilisingizie jua la Simiyu. Mimi ni diwani wa kata moja huku, na jina langu naomba nilifiche. Tayari limechongwa kwenye jiwe la msingi, na pale panatosha kuniumbua.

Halmashauri yetu iliamua kujenga kituo cha zimamoto. Jambo jema! Tulishachoka kuungua huku tukisubiri gari litoke mbali. Michoro ikaletwa kwenye kamati ya fedha: banda la gari, ofisi, vyumba vya askari, kisima, na tenki kubwa la maji juu ya nguzo.

Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua, na michoro haikuwa na mahali pa kumpumzisha. Nikasimama, nikarekebisha tai.

"Waheshimiwa, mgeni rasmi atapumzikia wapi? Juu ya tenki?"

Wakacheka! Nami nikanogewa. Nikawaambia tenki halikatiwi utepe wala halipendezi kwenye picha, na maji ya bomba si yapo? Yapo, ndiyo, siku yakijisikia. Kisima na tenki vikafutwa. Mahali pake kikaingia chumba cha wageni mashuhuri, chenye marumaru, mapazia ya rangi ya dhahabu, na makochi niliyoyafuata mwenyewe Mwanza. Jamani, makochi yale! Ukikaa unazama mpaka unasahau kwenu.

Uzinduzi ulifana. Mgeni rasmi alikalia kochi kwa muda wa kumaliza soda, akakata utepe, akaondoka.

Dada yangu, nimwite Mbuke, alikuwa mbele kabisa akipiga vigelegele. Mbuke ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alilima pamba kule Kasoli, nami nikasoma kwa pamba hiyo. Wakati wa kampeni aliniombea kura mtaa kwa mtaa mpaka sauti ikamkauka. Na hakuwahi kuniita jina. Aliniita "bhabha", kama mama wa Kisukuma anavyomwita mwanawe wa kiume.

Nyumba yake unaiona ukisimama kwenye geti la kituo.

Basi, kiangazi kimepamba moto, pamba yake yote ya msimu imejaa chumbani ikisubiri kwenda kuuzwa, moto ukatoka jikoni na upepo ukausukuma. Nilifika mbio, suti mwilini. Nikamkuta uani analia, watoto wamemng'ang'ania kanga. Mimi nikapaza sauti!

"Tulieni, wananchi! Tuna kituo cha kisasa!"

Na kweli gari lilifika haraka, king'ora juu. Askari wakavuta mpira. Maji yakaruka mpaka dirishani, yakapungua, yakawa ya kunawia mikono, yakakata. Asubuhi ile gari lilikuwa limezima moto mwingine, likarudi kituoni kujaza, likakuta bomba kavu.

"Yameisha, mheshimiwa," askari akaniambia. Mimi! Mbele ya watu wote!

Wakaenda kutafuta maji bwawani. Waliporudi walimwagilia majivu.

Mke wangu alimsihi Mbuke aje kwetu. Mbuke akafuta uso kwa kanga, akaniangalia.

"Mheshimiwa," akasema. Mheshimiwa! Dada yangu wa tumbo moja! "Kwako siendi. Nitakaa kwenye chumba ulichojenga. Si cha wageni? Leo mgeni ni mimi."

Akaingia na wanawe na sufuria iliyopona. Nani angemtoa? Askari? Wao ndio waliomletea blanketi. Mpaka leo yumo, na nguo za watoto zinaanikwa kwenye fimbo za mapazia ya dhahabu. Madiwani waliocheka siku ile wakipita pale wanageuza shingo. Ukiwauliza, tenki nililifuta peke yangu. Mikono yote iliyopanda juu siku ile sijui ilikuwa ya nani.

Nimepeleka hoja ya tenki barazani. Nimejibiwa kwamba fedha hakuna, tena kwa sauti ya upole kabisa.

Juzi nikaenda kumjulia hali. "Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa heshima ya mama, nikidhani moyo utalainika.

"Mwadila, mheshimiwa. Karibu kochi."

Nikakaa, nikazama. Nikamwomba maji ya kunywa.

"Hayapo," akanijibu, akaendelea kukunja nguo.

Ewe mwenzangu unayekaa kwenye vikao, ukiona watu wanakuchekea na mkono wako unapanda kufuta kitu kwa sababu hakipendezi pichani, ushushe! Ushushe haraka, umkumbuke dada yako. Mimi sasa nataka kuitwa bhabha tena, na kwenye jengo lile zuri hakuna kitu hata kimoja cha kunisaidia.