Taa ya Zambarau Ghalani Igamba

Aliyeniondoa shambani ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nasema wazi, maana watu wa Igamba mpaka leo wanasingizia ile taa.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi walijaa Mbozi, kila mmoja na masharti yake. Kikundi chetu kilikuwa na mashine moja ya kumenyea kahawa na tangi moja la kuivundika mpaka ute utoke. Mwenyekiti ni yeye shemeji. Mume wangu alipofariki, shemeji huyo aliniambia mbele ya wazee: "Shemeji, lima. Ila kahawa yako ikikataliwa msimu huu, shamba linarudi kwenye ukoo."

Nikachuma nyekundu tupu, zilizoiva barabara.

Sasa mwenyekiti wetu aliijua pombe kuliko kahawa. Kwetu ukipika pombe unabakiza ya jana kidogo mtungini ili ya leo ichachuke upesi. Na yeye akawa anabakiza kahawa ya jana kwenye tangi, juu yake anamwaga mpya. Nikamwambia, "Shemeji, tangi linanuka."

"Kwani utainywa wewe? Mbona pombe yako hulalamiki?"

Wenzangu wakacheka naye.

Mnunuzi alikuja ghalani kwetu na kisanduku chenye taa ya zambarau. Akakoboa punje za mchanganyiko wetu, akazitandaza ndani, akafunika blanketi, akatuita tuchungulie. Alisema punje iliyochacha kupita kiasi huwezi kuijua kwa macho, ila mwanga ule ukiigusa inang'aa. Nikaingiza kichwa. Punje nzuri zilififia. Nyingine ziliwaka weupe wa bluu, kama macho ya paka.

"Hizi zimelala kwenye tangi, mama. Sichukui."

"Zangu ni zipi?"

"Zote tangi moja. Nitajuaje?"

Nikamgeukia mwenyekiti aseme neno. Alikuwa anakunja blanketi la watu.

Na yake ilikataliwa, sibishi. Lakini yeye nani angemnyang'anya shamba? Wiki haikuisha, akaja na wazee walewale kunitoa. Hakuna aliyeuliza nani alibakiza kahawa ya jana. Na hao wazee nawahesabu kwenye kosa, kwa sababu harufu ya tangi lile waliinusa wote.

Siku hizi nauza nyanya Chapwa, pembeni ya Tunduma. Madukani Tunduma kuna taa kama ile, wanamulikia noti kutafuta za bandia. Mibuni yangu shemeji aliing'oa, akapanda mahindi. Hata akiniita leo, narudi kwenye nini?