Seva Sebuleni kwa Mama Mkwe

Alikuwa mtunza ramani wa ofisi ya maji ya mji, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne bila mtu yeyote wa nje kujua kwamba kazi kama hiyo ipo. Ramani za mabomba yote yaliyofukiwa chini ya mji zilikuwa mikononi mwake: lipi linapita wapi, koki gani inafunga nini. Zamani zilikuwa za karatasi. Sasa zilikaa ndani ya seva, kompyuta moja kubwa iliyofungwa kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo kwa sababu huko kulikuwa na ubaridi.

Wakaguzi walipoiona seva hiyo walitikisa vichwa. Moto ukizuka au maji yakiingia, waliandika, mji hautajua mabomba yake yako wapi. Wakaagiza iwepo seva ya pili, umbali wa kilomita themanini au zaidi, mahali palipoinuka, na iwekwe programu ya kunakili mafaili: kila faili likihifadhiwa ofisini, ndani ya dakika moja nakala yake iwe imeshafika kule.

Tawi pekee la ofisi lililokuwa umbali huo lilijengwa bondeni na lilikuwa limefurika mara tatu. Mkurugenzi akaitisha kikao, akauliza nani ana ndugu anayeishi mlimani, kwenye umeme na intaneti ya kuaminika. Watu wakainamisha macho. Mtunza ramani, aliyekaa dirishani na kusumbuliwa na vumbi, akainua mkono kuomba dirisha lifungwe. Makofi yakapigwa. Kabla hajafungua kinywa, karani wa kikao alikuwa ameshamwandika.

Ndugu wa mlimani alikuwa naye mmoja tu, mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, miaka thelathini na tano ya chaki na kengele. Katika miaka kumi na saba ya ndoa, mkwe wake hakuwahi kumwambia sentensi ambayo hakuwa ameifanyia mazoezi kichwani kwanza. Jioni ile alimwomba mumewe, fundi saa, alifikishe ombi hilo kwa mama yake. Mume akamjibu kwa upole kwamba yeye na mama yake wanaelewana vizuri, na angependa mambo yaendelee hivyo hivyo.

Basi akapiga simu mwenyewe. Alieleza habari ya moto, ya mafuriko, ya nakala.

"Hayo mafaili ni mangapi?" mama mkwe akauliza.

"Elfu sita na kitu, mama."

"Yaje."

Fundi wa kompyuta akapanda mlimani na kuifunga seva sebuleni, kati ya kabati la vyombo na redio, pamoja na skrini na kibodi. Programu ilimpa machaguo mawili: mafaili yaende upande mmoja tu, au yaende na kurudi. Alikuwa na haraka. Akachagua yaende na yarudi, kwa sababu, kama alivyojitetea baadaye, ilionekana imekamilika zaidi. Maana yake ni kwamba chochote ambacho mama mkwe angekigusa kule sebuleni kingebadilika vilevile ofisini, na hakuna aliyeligundua hilo.

Hakuna pia aliyekumbuka kwamba mwalimu mkuu wa zamani alikuwa amejifunza kompyuta kwa kuchapa mitihani.

Wiki ya kwanza alifungua daftari la mahudhurio. Kila asubuhi, baada ya chai, aliyahesabu mafaili yaliyoingia, akaandika walioingia na watoro, kisha akampigia mkwe wake simu. Leo wameingia kumi na wanne. Kuna mmoja wa jana, ramani ya soko, simwoni, anaumwa? Mtunza ramani akawa anatoka nje ya ofisi kujibu simu hizo, akiwa amesimama wima kama yuko mstarini.

Wiki ya tatu wahandisi walianza kulalamika. Faili lililokuwa likiitwa "bomba mpya mpya kabisa hii ndiyo" sasa liliitwa "Bomba Kuu la Mtaa wa Viwanda, Toleo la Tatu". Mengine hayakuonekana kabisa, mpaka mtu akakuta folda ambayo hakuna aliyekumbuka kuitengeneza. Iliitwa Adhabu. Ndani yake zilikuwemo ramani mia mbili na tatu, kila moja ikiwa na maelezo mafupi: haina mshale wa kaskazini, haina tarehe, mistari imechorwa kivivu.

Mtunza ramani alielewa papo hapo. Kumwambia mkurugenzi kungekuwa kumshtaki mama mkwe, na kumkataza mama mkwe hakukuwa jambo la kufikirika. Akanyamaza. Wahandisi, kwa kutojua nani anawaadhibu, walidhani ni programu. Wakaanza kuchora mishale ya kaskazini. Wakaweka tarehe. Ramani iliyosahihishwa ilitolewa Adhabu siku hiyo hiyo na kurudishwa mahali pake, na mhandisi mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alionekana akitabasamu peke yake mbele ya kompyuta kwa sababu ameandikiwa "Vizuri, endelea." Mwisho wa mwezi mkurugenzi aliisifu programu kikaoni, akasema haijawahi kuletwa programu yenye maadili kama hii.

Kisha, Jumanne moja saa nne asubuhi, bomba likapasuka chini ya jengo la ofisi ya maji yenyewe.

Maji yalianzia chumba cha seva. Umeme ukakatika, seva ikazama, na nakala za karatasi zilizokuwa chumba hicho hicho zikaanza kuelea ngazini. Ili kuyazuia maji ilibidi ifungwe koki ya jengo, na koki ilikuwa imefukiwa mahali fulani uani. Aliyepajua alikuwa amestaafu na kuhama. Wafanyakazi wa ofisi ya maji walisimama kwenye maji yaliyofika magotini wakiulizana maji yao yanafungwa wapi.

Mtunza ramani akampigia mama mkwe. Alitaka kusema moja kwa moja, lakini mdomoni ikamtoka shikamoo. Mama mkwe akaitikia, akauliza hali ya mwanawe, ya watoto, ya kikohozi cha yule mdogo. Alijibu yote. Wenzake walimwangalia kwa macho ya kutoamini huku viti vikipita vikielea. Hatimaye akaomba ramani ya jengo la ofisi.

Hiyo iko Adhabu, mama mkwe akasema. Haina kipimo. Aliiona koki, imechorwa vizuri tu, kaskazini ya pembe ya kushoto ya jengo. Ila ni umbali gani, hakuna mwanadamu angeweza kujua, na ndiyo sababu aliiadhibu.

"Nani aliyeichora?"

Mtunza ramani akageuka. "Mkurugenzi, mama. Zamani, alipokuwa mhandisi."

"Mpe simu."

Mkurugenzi akaipokea kwa mikono miwili. Waliokuwa karibu walimsikia akisema ndiyo mwalimu, hapana mwalimu, nilisahau mwalimu. Mwishowe akakumbuka: sentimita moja kwa mita kumi. Kule mlimani ramani ikafunguliwa kwa ukubwa wake halisi, na rula ikawekwa kwenye skrini. Sentimita mbili na nusu.

Walipima mita ishirini na tano kwa hatua, wakafika mahali ambapo mkurugenzi alikuwa akiegesha gari lake kwa miaka tisa. Gari lilikuwepo. Funguo zilikuwa zimepotelea majini, kwa hiyo watu kumi na wawili walilisukuma, wakachimba, wakafunga koki. Mkurugenzi alisukuma pia.

Siku ya tatu fundi wa kompyuta alileta seva mpya, tupu, akaifunga ghorofa ya pili. Programu ikamuuliza kati ya seva mbili ipi ifuatwe. Kwa haraka zake zile zile, akachagua ile mpya. Programu ikatii, ikaanza kuifanya seva ya mlimani iwe tupu kama mwenzake.

Simu ya mtunza ramani ililia saa nane mchana.

"Watoro mia nne kwa dakika moja, mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Nimechomoa waya. Nimekosea?"

Mtunza ramani alikaa chini, palepale sakafuni. Hakuwahi kuulizwa swali hilo na mwanamke yule. "Hujakosea, mama," akamwambia, bila kufanya mazoezi. "Umetuokoa."

Yale mia nne yalipatikana kwenye pipa la taka la programu, na fundi akaiweka mipangilio upya huku mtunza ramani amesimama nyuma yake. Mafaili yote yakateremshwa kwanza ofisini, kisha yakawa yanakwenda tu, hayarudi. Wahandisi waliuliza kwa nini siku hizi hakuna anayewaandikia chochote. Baada ya mwezi wakaomba kwa barua irudishwe kama zamani, na ikarudishwa, kwa sharti kwamba seva ya tatu iwekwe mahali pengine, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mtunza ramani alipopata likizo alipanda mlimani bila mume wala watoto. Alikusudia kukaa kwa adabu na kusaidia kazi. Badala yake alipitiwa na usingizi kwenye kochi, kati ya kuulizwa habari za safari na kuletewa chai. Alipozinduka alikuwa amefunikwa shuka, na mama mkwe alikuwa mlangoni akimwambia jirani kwamba arudi kesho, leo kuna mtu amelala.