Mfenesi Uliotishwa kwa Panga

Kwetu Kiwangwa, mti usiozaa hutishwa. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anashika panga na kuapa kuukata, wa pili anauombea na kuuwekea dhamana kwamba mwakani utazaa.

Mfenesi wa mama ulikuwa na kila kitu isipokuwa mafenesi. Baba alikwisha amua kuung'oa amjengee mama jiko la matofali papo hapo, maana lile la makuti lilivuja mpaka mama akawa anapika amejifunika nailoni kichwani. Jiko mama alilitaka, lakini mti ule aliupanda mwenyewe alipoletwa bi harusi. Mwishowe akaomba avumiliwe mwaka mmoja.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Bagamoyo, ninakofundisha biolojia. Asubuhi mama akachukua panga na kumwita baba awe mwombezi. Angemwita mtu mwingine yeyote!

"Leo nakukata!" mama akaukaripia mti. "Unakula mbolea yangu bure!"

Baba akautazama juu mpaka chini. "Kata," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka hata kidogo.

"Baba watoto, sema maneno yako!"

"Nimeshasema."

Kwa hasira mama akalipiga shina mara kadhaa, utomvu mweupe ukachuruzika, naye akaingia ndani.

Nikamfuata kumliwaza. Nilimwambia mti hauna masikio, ila una namna yake ya kupata habari. Ukijeruhiwa, hutengeneza homoni zinazosambaza taarifa ya hatari. Udongo ukikauka, homoni nyingine huyafikia majani, na vile vitundu vyake vya kupumulia hujifunga ili maji yasipotee. Tena iko miti ambayo ikibanwa sana, homoni huisukuma kutoa maua, iache mbegu mambo yasije yakaharibika zaidi.

"Kwa hiyo mti umenisikia," mama akasema.

"Mama, sijasema hivyo."

"Umesema mti umepata habari."

Mwaka ule jua lilituadhibu. Mananasi yalidumaa, na mfenesi ukapukutisha majani hata mimi nikaukatia tamaa. Niliporudi likizo nyingine, ule mwaka umekwisha, nilimkuta fundi uani, anachomeka vigingi vya jiko. Mama alikuwa amejifungia chumbani, hataki kuona.

Fundi akazunguka shina, akasimama. "Dada, hebu njoo."

Vifenesi vichanga, vinene kama kidole gumba, vilikuwa vimechomoza shinani, kimoja kando kabisa ya kovu la panga. Nilipiga kelele. Mama akatoka mbio, akavigusa, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna posa. Furaha niliyoiona usoni mwake sikuiona hata siku ya harusi yangu.

"Panga hilo!" akasema.

"Ukame huo," akasema baba.

Wakanigeukia mimi mwalimu. Nikasema kweli sijui, pengine umri wake wa kuzaa ulikuwa umefika tu. Wote wawili wakaniona nimesoma bure.

Fundi akauliza kama alete shoka. Baba aling'oa kigingi kimoja, akaikadiria mizizi kwa macho, akakichomeka mbali nayo.

"Mzee, hapo ukuta utapinda."

"Basi na upinde," akasema baba.