Ayubu Alipokwenda Machimboni

Asubuhi ile tulikuwa tunachuma maua ya pareto. Umande ulikuwa bado haujakauka, na vikapu vilituchubua viuno. Jirani yangu Respa, mwanamke wa kutoka Maragoli ambaye mume wake alifanya kazi ya reli Longonot, alikuwa mstari wa pili, akitucheka sisi Wakikuyu kwamba tunachuma kama watu wanaonyonyoa kuku. Mume wangu Ayubu akapita na gari la ng'ombe, akipeleka maziwa stesheni ya Gilgil. Alikuwa akiimba, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Mwalimu," Respa akamwita, "hao ng'ombe hawajaokoka. Wahurumie."

Tulicheka mpaka nyapara akageuka.

Tulimwita mwalimu kwa sababu ndiye aliyetuongoza kanisani, kibanda cha mabanzi nyuma ya laini, safu za nyumba za wafanyakazi. Mkikuyu, Mluhya na Mkipsigis waliketi benchi moja pale, kila mmoja akisali kwa Kiswahili chake. Nilidhani hivyo ndivyo dunia ingeendelea kuwa.

Ayubu alikuwa na mdogo wake, Njoroge. Wote wawili walizaliwa kwenye shamba lile. Baba yao ndiye aliyefyeka sehemu kubwa ya msitu wake, kwa ahadi kwamba atalima kipande chake na kufuga. Mwaka baada ya mwaka setla, Mzungu mwenye shamba, alipunguza mbuzi, akapunguza na kipande, mpaka mzee akafa akiwa na mahali pa kulala tu.

Hali ya hatari ilipotangazwa, Njoroge alitujia mchana kwenye banda la kukaushia maua.

"Watu wamekula kiapo," akamwambia kaka yake. "Umebaki wewe."

"Siwezi kuapa kwamba nitaua."

"Sikuulizi habari ya kuua. Nakuuliza habari ya shamba. Mungu wako alikataza kuua. Kuiba je, aliruhusu?"

Ayubu aligeuzageuza maua. "Hakuruhusu. Na mimi nitalisema hilo."

"Utamwambia nani? Setla?"

"Setla. Na wewe nitakuambia la kwako."

Njoroge alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Siku chache baadaye aliingia msituni kwa wapiganaji.

Ayubu alitimiza neno lake. Setla alipomwita amkabidhi bunduki na kitambaa cha mkononi cha walinzi wa serikali, alivikataa, akasema kwa adabu kwamba watu wakirudishiwa mifugo na vipande vyao, bunduki haitahitajika. Alipigwa kofi, akaondolewa kwenye gari la ng'ombe, akapelekwa kuchimba handaki. Jumapili iliyofuata alihubiri uso ukiwa bado umevimba. Alisema amani bila haki ni kufunga kidonda ambacho mwiba ungali ndani yake. Mchungaji Mzungu aliyekuwa akija kutoka Nakuru alimwita pembeni, akamwonya aiache siasa, ahubiri wokovu.

"Nilidhani ni kitu kimoja," Ayubu aliniambia tulipokuwa tukirudi nyumbani. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba njia aliyoizoea imefungwa.

Halafu Mzee Musa akauawa. Alikuwa mlinzi wa ng'ombe na mzee wa kanisa letu, mtu aliyekuwa akisinzia wakati wa mahubiri na kuamka wakati wa wimbo. Alikuwa amekataa kiapo. Tulimkuta asubuhi karibu na josho. Sitaeleza tulichokiona.

Askari walikuja. Wanaume wote Wakikuyu waliketishwa juani, na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho akapitishwa mbele yao. Alipotikisa kichwa, mtu alipandishwa lori. Alipofika kwa Ayubu alimpita. Nilimshukuru Mungu, kumbe wake za waliochukuliwa walikuwa wakitazama. Kuanzia siku ile sauti zilishuka kila nilipokwenda kisimani.

Ayubu alituma neno msituni kwa wanawake waliokwenda kuni. Neno likarudi. Njoroge angemngoja Jumamosi, baada ya adhuhuri, kwenye machimbo ya zamani ya udongo mweupe.

"Baba Wambui, usiende," nilimwambia. "Askari watasema unawauza kwa watu wa msituni, na wa msituni watasema unawauza kwa askari."

"Najua."

"Sasa?"

"Njoroge akishuka kutoka msituni, wengine watashuka. Nisipoenda, atakufa mwingine kama Musa. Nani mwingine atakwenda?"

Alivaa shati lake la Jumapili. Hakubeba hata fimbo.

Mimi na Respa tulikuwa mtoni, tukifua.

Mlio mmoja ulitoka upande wa machimbo. Kisha mingi, pamoja.

Respa alinishika mkono. Wambui, binti yetu, aliacha kucheza na maji akanitazama.

Tulianza kukusanya nguo.

Lori lilipita juu barabarani, nyuma wazi. Nililiona shati.

Kesho yake miili mitatu ililazwa nje ya kituo cha polisi, Ayubu na wanaume wawili wa msituni. Tulipangwa foleni tupite tukawatazame magaidi. Nilipomfikia mume wangu nilisimama. Nikasema, "Huyu ni mwalimu wa kanisa."

Askari kijana aliinama karibu nami. "Mama, usimjue hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Pita tu."

Nikapita.

Respa alikwenda kwa miguu kumwomba mchungaji amzike. Aliambiwa kanisa haliwezi kumzika mtu aliyekutwa na magaidi. Wafungwa ndio waliomzika, pamoja na wale wawili, na hadi leo sijaonyeshwa mahali.

Wakikuyu wa shamba letu walipopakiwa kurudishwa rizavu, eneo tulilotengewa na serikali, mimi na Wambui tulikuwa miongoni mwao. Respa alitupa blanketi lake mwenyewe. Huko, ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, habari zilikuwa zimetutangulia. Walinzi waliniita mke wa gaidi. Wanawake wenzangu waliniita mke wa msaliti, kwamba mume wangu ndiye aliyewaongoza askari machimboni. Nilichota maji peke yangu miaka ile yote.

Baada ya uhuru nilikwenda mjini Nakuru, nikapata chumba mtaa wa Kaptembwo. Ndiko Njoroge alikonikuta. Alikuwa amepitia kambi za kizuizini, na mguu mmoja ulikuwa hauinuki vizuri. Nilimpa chai.

"Kaka aliniuliza juu ya Musa," alisema. "Nikamwambia mkono haukuwa wangu, lakini nilijua. Akalia, mama Wambui. Halafu akasema tushuke mchana, tukiwa wengi, yeye atangulie mbele yetu. Nikamwambia nitampa jibu. Ndipo askari wakapiga risasi."

"Nani aliwaleta?"

"Sijui. Si yeye. Yeye alisimama mbele yangu."

"Jibu lako lingekuwa nini?"

"Nimejiuliza miaka yote," alisema. "Sijui."

Nilitamani aseme kwamba angeshuka. Hata kama ni uongo, ningeushika.

Shamba lile liligawanywa, wala mimi wala Njoroge hatukupata kipande. Respa amekwisha kufa. Miaka ya karibuni wazee wa kanisa walikuja kwangu wakitaka kuandika jina la Ayubu ukutani, miongoni mwa waliokufa kwa ajili ya imani. Niliwauliza kama wataandika pia wale wawili waliolala kando yake. Walisema hao walikuwa na damu mikononi. Kisha wakaja wenzake Njoroge. Wao walitaka kumhesabu na mashujaa wa uhuru. Niliwauliza kama watamweka na Mzee Musa. Wakatazamana, wakasema Musa alikuwa mtu wa setla.

Niliwapa chai wote, kwa siku zao tofauti, nikawasindikiza hadi barabarani. Jina la mume wangu halijaandikwa popote.